Upepo Hauna Tajiri, Lakini Vumbi Linaye



Kila mwaka kaskazi inapoingia, mwezi wa Desemba, sisi watu wa Kilifi twaanza kukohoa, na kila mwaka twajibizana neno lile lile: "Ni upepo tu." Fundi wa mawe akikohoa, ni upepo. Mfagiaji wa barabara akiamka macho mekundu, ni upepo. Mtoto wa mpishi akibanwa na pumu usiku, huo pia ni upepo. Matajiri wetu hufurahi sana kusikia maneno hayo, maana upepo haulipi fidia, hauitwi mbele ya ofisi ya leba, wala hautii sahihi katika mapatano.

Mimi nasema neno hilo si la kweli, na yafaa tuliache. Kwamba upepo una majira yake, hilo hatubishi. Lakini upepo hubeba kile ulichopewa tu. Anayeupa vumbi na moshi ni mtu. Mahali pake panajulikana, saa yake inajulikana, na mara nyingi yeye ndiye anayetulipa mshahara. Kwa hiyo hewa mbaya ya mji wetu ni shauri la kazi, sawasawa na mshahara na saa za kazi, nayo yapasa kuandikwa katika mapatano ya chama na tajiri.

MAJIRA NA SAA ZA HEWA MBAYA

Kwanza tuujue upepo wenyewe, maana asiyejua majira hawezi kudai kitu kwa wakati wake. Wazee wetu wa baharini waliyajua mambo haya bila chombo chochote. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Machi, ikitoka upande wa Arabuni na Somalia. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Udongo wa barabara huwa unga, majani hukauka, na kitu kidogo tu hupeperuka. Mwisho wa kaskazi, watu wa mashamba huchoma vichaka ili walime kabla ya mvua, na moshi huo huongezwa juu ya vumbi. Halafu huja maleleji, siku za upepo usio na msimamo, kisha kusi pamoja na mvua za masika. Kusi hutoka bahari kuu, ambako hakuna kiwanda wala barabara; mvua huiosha hewa na kuilowesha ardhi. Ndiyo maana mwezi wa Mei mtu huvuta pumzi akaona raha.

Ni kweli pia kwamba kaskazi inaweza kubeba uchafu kutoka mbali. Mwaka 1999 wataalamu wa nchi mbalimbali walipima hewa juu ya Bahari ya Hindi, katika uchunguzi ulioitwa INDOEX, wakaona utusi mpana wa moshi na vumbi kutoka Asia umetanda juu ya bahari kaskazini ya Ikweta. Lakini tusikimbilie kulaumu nchi za mbali. Vumbi tunalokung'uta nguoni jioni ni jeupe, la mawe ya hapa hapa kwetu.

Tena hewa mbaya ina saa zake. Mchana jua hupasha nchi kavu moto, na upepo wa bahari huja kuisafisha. Usiku nchi hupoa, upepo hulala au hugeuka ukatoka bara; wazee huuita umande. Hewa ya baridi hukaa chini, na moshi wa jaa lililochomwa jioni hukaa nayo mpaka upepo wa bahari uamke tena, yapata saa tatu au saa nne ya asubuhi. Sasa tuulizane: nani yuko nje saa hizo? Ni askari wa usiku, mfagiaji, mwenye bodaboda, mama karanga akienda kungoja samaki, na vibarua wanaosimama njiani wakingoja lori. Mwenye kutoa amri ya kuchoma takataka yumo ndani amelala. Akitoka, hewa imekwisha safishwa na bahari. Akisema haoni moshi wowote, hasemi uongo. Yeye haoni kweli. Sisi ndio tuliokwisha kuuvuta.

VUMBI LA TIMBO

Tutazame kazi za mawe. Katika matimbo yaliyo kati ya Mtwapa na Kilifi hukatwa mawe ya matumbawe yanayojenga nusu ya nyumba za pwani hii. Wakati wa kaskazi ndipo ujenzi unapoenda mbio, kwa sababu zege na msingi havipendi mvua. Basi msimu ulio mkavu kuliko yote ndio msimu ambao misumeno ya mawe hulia kutwa, malori hupita bila turubai, na mifuko ya saruji hupakuliwa mgongoni. Je, hilo limepangwa na upepo? Limepangwa na hesabu ya biashara. Biashara sisi hatuikatai, maana nasi twala humo. Tunachokataa ni faida kwenda upande mmoja na kikohozi kubaki upande wa pili.

Tusidanganyane kuhusu vumbi. Si vumbi lote lenye ubaya sawa. Lile tunaloliona kwa macho hukwama puani na kooni, tukalitema. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Wataalamu hupima chembe ambazo upana wake haufiki mikroni 2.5, unywele mmoja wa kichwa una mikroni kama 70, basi chembe zaidi ya 25 zaweza kupangwa safu moja juu ya unywele huo. Chembe hizo hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kipimo chake: wastani wa mwaka usipite mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Kipimo chake cha mwaka 2005 kilikuwa 10. Kwa nini walishusha? Kwa sababu waliona kwamba hata vumbi dogo kuliko walivyodhani lina madhara.

Mawe yetu ya matumbawe ni chokaa kwa sehemu kubwa. Vumbi lake hukera kifua na macho, na si la kuchezewa. Lakini wako wenzetu wanaokata na kuchonga mawe ya Mazeras, yale mabamba yanayotandikwa katika nyua za matajiri. Hayo ni mawe ya mchanga, yenye silika. Vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu, na mtu hupungukiwa na pumzi mwaka hata mwaka. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na mapafu nayo ni hivyo hivyo.

Na kitambaa kile cha shingoni tunachofunga puani? Ndugu zangu, kile huzuia jasho na aibu tu. Chembe ndogo hupita katikati ya nyuzi zake kama dagaa kwenye wavu wa jarife. Barakoa ya kazi hasa ni ile iliyotengenezwa kuzuia vumbi jembamba, ikamkaa mtu usoni bila nafasi, ikabadilishwa inapochafuka. Na hata hiyo ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni maji. Msumeno unaokata jiwe huku maji yakitiririka juu ya meno yake hutoa tope badala ya vumbi, na tope halivutwi puani.

MOSHI WA KUSI

Labda ndugu wa hotelini na wa majumbani wanasema, "Hili ni shauri la watu wa mawe." Hapana. Kila msimu una wake. Masika yakishika, vumbi hulala, lakini moto wa kuni huingia ndani. Kuni huwa mbichi, madirisha hufungwa kwa ajili ya mvua, na jiko lililokuwa uani huhamishiwa chini ya paa. Mpishi wa shule anayesonga ugali wa watoto mia kadhaa, mama karanga anayekaanga samaki chini ya bati, na mtumishi wa nyumbani anayelala chumba kinachopakana na jiko, hawa kusi yao ni mbaya kuliko kaskazi. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 200,000 wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo anayekata mawe na anayepika wana shauri moja, ila kalenda zao zimepishana. Chama kikidai kinga wakati wa kaskazi tu, kitakuwa kimewasahau wanawake wengi. Kikidai majira yote mawili, hakuna atakayesema halimhusu.

SHERIA IPO, NASI TUITUMIE

Wapo wanaodhani kwamba tunaomba hisani. Hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyo hiyo iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzuia uchafuzi wa hewa, na kazi ya kuondoa takataka. Kwa hiyo jaa likiwaka usiku, tunajua mlango wa kubisha.

Kazini kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yatupasa kuijua kama tunavyojua siku ya mshahara. Yasema mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wote wanaofanya kazi hapo, na achukue kila njia inayowezekana kuwakinga na vumbi na moshi wenye kudhuru. Yasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi palipo na hatari kubwa mpaka itengenezwe. Ni wangapi kati yetu wameiona kamati hiyo ikikaa? Mahali pengine imebaki karatasi ukutani, nayo karatasi yenyewe imeingia vumbi.

Kuna pia Sheria ya Fidia ya mwaka 2007, inayohesabu ugonjwa uliotokana na kazi kama jambo la kulipiwa fidia, si ajali peke yake. Lakini hapa pana mtego. Ugonjwa wa vumbi huja polepole, baada ya miaka. Kibarua aliyefanya kazi miezi mitatu hapa na miwili kule, bila barua, bila kupimwa kifua, atamwonyesha nani kwamba vumbi lilikuwa la nani? Ndiyo sababu nasema ukibarua usiokwisha na hewa mbaya ni shauri moja. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi. Tukidai karatasi ya kazi, tunadai na ushahidi wa mapafu yetu.

Na asiyeamini kwamba wanyonge waweza kushinda, atazame Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi kando ya kijiji hicho tangu 2007 hadi 2014. Sumu ya risasi ikaingia hewani, majini na katika damu za watu. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa humo, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake ameugua, akaanza kuuliza maswali, na wanakijiji wakasimama naye. Mwezi wa Julai 1920 ya mbali haikuhusika hapa. Ilikuwa Julai 2020, juzi tu, ambapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na lawama ikawekwa hata juu ya vyombo vya serikali vilivyolala. Hukumu ilipopingwa katika rufani, shauri lilikwenda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2024 iliirudisha fidia ile. Lakini tuangalie gharama yake: miaka mingi, na watu walikufa wakingoja. Fidia ni kitu kizuri. Kutougua ni kizuri zaidi.

"TUTAPOTEZA KAZI"

Sasa nijibu neno ambalo husemwa chini ya mwembe, na ambalo si la kipumbavu. Wenzetu husema: "Tukidai maji na barakoa, tajiri atafunga timbo, au atachukua watu wengine." Tena husema: "Mimi nalipwa kwa hesabu ya mawe. Nikisimama kumwagia maji, mawe yangu yanapungua, na watoto wanalala njaa."

Neno la pili ndilo lenye uzito, na hapo ndipo chama kinapohitajika. Maadamu malipo ni kwa jiwe moja moja, kila dakika ya usalama inakatwa katika mfuko wa mfanyakazi, si wa tajiri. Nyapara hana haja ya kutukataza kumwaga maji. Hesabu ya mawe inatukataza yenyewe. Basi dai letu lisiwe "tupeni maji" peke yake. Liwe hivi: bei ya jiwe ipandishwe kadiri ya muda unaotumika kulowesha, kusafisha msumeno na kubadilisha barakoa. Usalama usiolipiwa hautatumika, hata ukibandikwa mabango kila mti.

Na kuhusu kufunga timbo: jiwe la Kilifi liko Kilifi. Tajiri hawezi kulibeba timbo akaenda nalo mahali pengine. Anaweza kumfukuza mtu mmoja anayelalamika, hilo ni kweli, kwa kuwa dua la kuku halimpati mwewe. Lakini dai lile lile likitolewa katika kila timbo siku moja, hakuna tajiri atakayesema jirani yake anauza rahisi kwa sababu hamwagi maji. Wote watakuwa wamepanda pamoja.

MADAI YETU

Naomba matawi yajadili haya kabla kaskazi ijayo haijaingia, maana dai lililoletwa Februari hujibiwa mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

1. Mapatano yawe na kifungu cha majira. Tangu Desemba hadi Machi: maji katika misumeno na barabara za timbo, turubai juu ya malori, na barakoa za kweli, zote kwa gharama ya tajiri.

2. Bei ya kazi ya kipande ihesabu muda wa usalama.

3. Tangu masika yaanze: kila jiko la kazini liwe na bomba la kutolea moshi au tundu la juu, na kuni zihifadhiwe pakavu.

4. Kila mfanyakazi wa vumbi, kibarua akiwamo, apimwe kifua anapoanza kazi na kila mwaka, tajiri akilipa, na nakala ya majibu apewe mwenyewe.

5. Kaunti izoe takataka za mji mara kwa mara, na kuchoma jaa kukomeshwe. Wafagiaji wasipangiwe kazi karibu na jaa linalofuka.

6. Kila mahali pa kazi wanachama wachague mtu mmoja wa kuandika daftari: tarehe, upepo, kazi iliyofanywa, na ni wangapi waliokohoa au kurudi nyumbani. Siku hizi vipo vyombo vidogo vya bei nafuu vya kupimia vumbi. Matawi mawili matatu yakichanga yanaweza kununua kimoja. Lakini tusingoje chombo. Daftari na kalamu tunazo leo, na daftari la mwaka mzima mezani mwa mkaguzi lina nguvu kuliko kelele za siku moja.

Madai haya si makubwa. Hakuna hata moja linalotaka kaskazi isivume. Na ivume, ilete majahazi na joto lake kama ilivyofanya tangu zamani za mababu. Sisi twataka tu kwamba mtu anayeamka alfajiri kuujenga mji huu asiulipe kwa pumzi yake.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ndugu mwanachama, ukimaliza kusoma mpe mwenzako karatasi hii, na katika mkutano ujao wa tawi lako simama uulize: kamati yetu ya usalama ni akina nani, na ilikaa lini mara ya mwisho?

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Kilifi